Waweru Anataka Kumtoa Mama Gatuanyaga

Mpendwa mshauri,

Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi. Mimi ni Wangechi, nafanya kazi kiwandani hapa Thika, na mama yetu anaishi kwenye makao ya wazee kule Gatuanyaga, alichagua mwenyewe baada ya kuchoka kukaa peke yake Kamenu, na juzi asubuhi sukari yake ilishuka akaanza kutetemeka na kuongea vitu visivyoeleweka, basi muuguzi wa hapo, Syokau, akampigia daktari wa dharura kwa video, daktari akamwangalia, akahakikisha anaweza kumeza, akaagiza apewe glukosi huku gari la hospitali likiwa tayari, na hakukata simu mpaka Mama akamwambia, "Wewe kijana, mbona unaniangalia hivyo?" Nilipofika nilimkuta anakunywa uji.

Mimi nilishukuru Mungu lakini ndugu yangu Waweru wa Ruiru aliwaka kusikia Mama katibiwa kwa video, akasema, "Mama si viatu vya kuchaguliwa kwenye simu," na sasa anataka kumhamishia kwake Jumamosi hii, ambako mchana hakuna mtu, na kila akiugua akimbizwe hospitali, na Mama amekataa, anasema mara ya mwisho hospitalini alilazwa kwenye benchi la korido akachanganyikiwa, akarudi na vidonda mgongoni, ingawa tangu mwanzo alikubali apelekwe kukiwa na hatari kubwa, na Waweru ananiambia nikimuunga Mama mkono halafu afe, nisimwite tena ndugu yangu. Nifanye nini?

Wangechi

Wangechi,

Pole. Waweru anaogopa, na mtu mwenye hofu hupiga kelele. Lakini mama hahamishwi kama kabati. Na wewe, unaniuliza jambo ambalo Mama ameshaliamua. Akili zake ni timamu. Unataka aseme mara ngapi?

Simu haikumtibu. Alitibiwa na Syokau aliyemshika na daktari aliyemwona. Hata hivyo si kila kitu kinamalizwa kwa video. Akiishiwa na pumzi au mdomo ukienda upande, ni hospitali mara moja, na hilo Mama mwenyewe alikubali mapema.

Mpigie Waweru leo, mkutane Gatuanyaga. Mwombe Syokau awaunganishe na daktari huyo, awaeleze kwa nini sukari ilishuka na ni dalili zipi haziwezi kusubiri. Waweru aulize yote, hata kwa hasira. Kisha nyinyi wawili mnyamaze, Mama aseme. Akisema anabaki, anabaki. Waweru akinuna, mwache anune. Wewe vuta kiti, ukae upande wa Mama, na usiinuke.