Usimkumbatie Evodia Tukishuka

Mama yangu mpendwa,

Mwakeye, mama. Goti lako limepoa? Maharage yameota huko Kitanga? Sisi tunapumua. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unasikia nusu, na nusu iliyobaki unaijaza mwenyewe. Baba Evodia akusomee taratibu, asiruke mahali.

Mama, Krismasi hatuji. Najua umeshaitangazia jumuiya nzima na mbuzi umemtenga. Mwache mbuzi aendelee kula.

Figo niliyompa mjukuu wako inafanya kazi, anakojoa mpaka manesi wanafurahi. Shida imeonekana kwenye damu. Kila tukienda kliniki wanampima kama kuna kirusi fulani, si cha UKIMWI, na safari hii kimepanda. Hana homa, anacheza, lakini daktari anasema wakingoja mpaka augue, figo inaweza kuharibika. Wamempa vidonge vikali, na hatuondoki Dar mpaka damu itulie.

Nikauliza kimetoka wapi, maana mtoto simtoi nje. Daktari akasema, "Mama, kimekuja na figo yako." Eti watu wazima wengi tunacho, kimelala tu mwilini. Evodia hakuwa nacho, na dawa za kuzuia mwili wake usiikatae figo zimempunguzia kinga. Akaniambia si kosa langu, walijua tangu mwanzo, ndiyo maana wanapima. Nilimwelewa. Lakini nilipofika chumbani nililia, mama, nikimficha mtoto machozi.

Hapa tulipopanga, wanawake wanapika uani na kucheka pamoja. Mimi niko ndani na Evodia, tunavaa barakoa mtu akigonga. Mmoja alisema tunaringa. Mwingine amewakataza wanawe kupita mlangoni kwetu, anadhani tunaambukiza. Kiha nakiongea na mtoto tu, na yeye siku hizi ananijibu Kiswahili cha Dar. Nimechoka na upweke huu, sikufichi.

Ulisema utapanda basi uje. Usije na hicho kikohozi, nakuomba.

Evodia alipojua safari imekufa, na kwamba hata tukija baadaye watu hawatamshika, aliuliza, "Bibi atanisalimiaje kama hakuna kunishika?" Nikamkumbusha salamu ile ya zamani uliyomfundisha, ya kuinama na kupiga makofi polepole. Tangu hapo anaifanyia mazoezi mbele ya ndoo ya maji, akijitazama humo.

Nisalimie baba Evodia, asisahau kupalilia mihogo. Msalimie na dada yangu wa Rungwe Mpya, mawese yake yalifika, chupa moja ilivuja.

Siku tutakaposhuka Kasulu, wazuie watu wasimrukie mtoto. Nawe usimkumbatie, mama, hata moyo ukikuuma. Simama kando, atainama akupigie makofi, nawe umwitikie.

Mimi nikumbatie. Tangu uliponiaga stendi hakuna mtu aliyenikumbatia.

Ni mimi binti yako,
Skolastika