Mama Shukuru, Uliyewavalisha Wanenguaji Ukiwa Kintinku

Mwaka umezunguka, Mama Shukuru, tangu tulipokulaza nyuma ya mji wetu, na cherehani yako bado inalia kila asubuhi. Tunaanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza. La pili ungeuliza kama mimi mumeo nimekula. Nimekula.

Mke wangu Dorkas, wanaoteremka hapa stesheni bado wanashangaa wakiambiwa kwamba yale mavazi ya ngoma ya Kiarabu, ile ya kutikisa tumbo, yanayovaliwa kwenye kumbi za Dodoma na Arusha, yalishonwa Kintinku na mama wa kwaya aliyeanza na sare za shule. Hukufundishwa na mtu. Tulialikwa harusi Dodoma, mnenguaji akapita mbele ya meza yetu, shanga zikamdondoka kama mvua ya mawe. Wengine tulitazama tumbo, wewe ukatazama sakafu. Ukasema huyu kashonewa na mtu asiyejua kufunga fundo, ukaacha pilau lako, ukamfuata nyuma ya pazia na sindano uliyokuwa unaichomeka kwenye kilemba. Pilau nililimalizia mimi.

Tangu hapo nyumba ilijaa shanga. Kuku walidonoa zilizoanguka, na mpaka leo nasema tetea wetu mweusi alitaga yai linalong'aa. Eliana, binti yetu, anasema baba, kwenye kumbukumbu ya mama andika ya kweli tu. Haya, ya kweli ni haya: siku ulipoanika vazi jekundu uani, treni ya mizigo ilisimama. Nimestaafu reli, najua rangi nyekundu inavyomfanya dereva. Alishuka, akasalimia, akanywa chai, akaomba vazi lihamishiwe upande wa pili wa nyumba. Eliana ananitazama. Basi chai naifuta, mengine yabaki.

Hukupenda futikamba, ulisema ikizeeka inalegea na fundi hana habari. Kila mteja ulimkatia utepe wake wa kitambaa, ukafunga fundo la kifua, la kiuno na la nyonga, ukautundika kwenye msumari ukutani. Na ulikuwa mkarimu kupita kiasi. Kaka yako Antipasi alipokuja kutoka Kinyangiri, wakati wa kumsindikiza ulimkamatia jogoo, ukakosa kamba ya kumfunga miguu, mkono ukaenda ukutani. Ulipotaka kukata kitambaa kesho yake, utepe wa Rebeka haukuwepo.

Rebeka ni yule binti wa Dodoma ambaye vazi lililoshonwa na fundi mwingine lilimfumukia jukwaani, ukumbi mzima ukacheka, simu zikainuliwa kumpiga picha. Alikuja kwako na dera pana, na kanga juu ya dera, macho chini. Alisema kunengua ndicho kitu alichokipenda tangu akiwa mdogo, na kwamba amejipa mara moja tu ya kupanda tena. Likiharibika hilo nalo, anaacha. Ulimwambia alete kiuno tu, mengine akuachie.

Tulimpigia simu Antipasi. Jogoo alikuwa ameshaliwa, akasifiwa sana. Utepe upo, akasema, hauna shida yoyote. Aliona ni kitambaa kizuri, akayafungua mafundo yote, akaupiga pasi.

Eliana akashauri Rebeka apigiwe ajipime mwenyewe. Ulikataa.

"Nikimwambia vipimo vyake vimeondoka na jogoo, hapandi tena," ulisema. "Yule moyo wake bado unatetemeka."

Jumapili ulitoka ibadani kabla ya wenzako, ukakaa nje ukiwatazama akina mama wakitoka. Nilidhani unaendelea kusali. Kumbe unapima. Akatoka Mama Leonidas, jirani yetu, mke wa Mwinjilisti Nathan, ukanibana mkono. Ukasema ndiye, kanga inampanda nyuma vile vile kama dera lilivyokuwa linampanda Rebeka. Nikakuuliza kama umesahau mume wake ni nani. Ulishakwenda.

Mama Leonidas alicheka mpaka akakaa chini. Lakini alijua utaratibu wako, mtaa wote uliujua: mkanda wa vazi unafungwa juu ya kanga, aliyeuvaa anatwanga kinu kizima cha mtama, na shanga ikidondoka unafumua unaanza upya. Akasema anakubali, ila mtama utakaotwangwa uwe wake. Ukaukatia mkanda kwenye nyonga zake, ukashona, siku ya kujaribu ikafika, akaja na debe.

Alitwanga. Uani palilia kama njuga za mnada mzima wa mbuzi. Kinu kilikuwa nusu alipotokea Mwinjilisti Nathan, Biblia kwapani, anamtafuta mkewe. Mkewe hakusimama, maana ulimkataza kusimama kabla kinu hakijaisha.

"Mama Leonidas," akasema mwinjilisti, "huo mtama ni wa nani?"

"Ni wetu, baba."

Akaliangalia debe. "Basi twanga uishe."

Akavuta kigoda, akakaa akiutazama ukuta. Kwamba mguu wake ulikuwa unafuata ule mlio, hilo nililiona peke yangu, na yeye anakana.

Hakuna shanga iliyodondoka. Rebeka alilichukua vazi bila kujua limepita wapi. Siku aliyopanda hukwenda Dodoma, ulisema tumbo linauma, ukashinda na simu mapajani. Ilipolia ulisikiliza, ukasema pole na kazi mwanangu, ukakata. Tukakuuliza imekuwaje.

"Wameomba arudie," ulisema, ukaenda kuchochea moto. Uliuchochea muda mrefu kuliko ulivyohitaji.

Sasa sikia la mwaka huu, ambalo hatujakuambia bado. Rebeka amerudi. Amejifungua, mtoto wa kike, mzima kabisa, na kiuno si kile. Alikaa pale ulipozoea kukaa, vazi limekunjwa kwenye mfuko, akamwambia Eliana kwamba halimwingii, na kwa kuwa wewe hupo, labda na yeye aishie hapo. Eliana hakuwa amewahi kugusa mshono wako. Aliogopa, tukamwona anaogopa. Akafumua bitana ubavuni, kidogo kidogo, halafu akaniita.

Ndani ya mshono, kila upande, ulikuwa umekunja kitambaa mara mbili, vidole vinne kila kunjo, na chote umekishonea shanga tayari, fundo kwa fundo, mahali ambapo hakuna mtu angeziona. Ulikuwa umemshonea Rebeka kiuno ambacho hakuwa nacho bado.

Eliana alifungua kunjo moja, likatosha. La pili amelirudishia ndani kama lilivyokuwa. Rebeka amekwisha kupanda tena jukwaani, na Eliana siku hizi hakati nguo ya mtu bila kuacha makunjo mawili. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi na kazi.

Unakumbukwa na mumeo Manase, aliyeshika kalamu hii huku akichungwa. Watoto wako Shukuru na Eliana. Mkweo Ritha na wajukuu. Kaka yako Antipasi na ukoo wote wa Kinyangiri. Mwinjilisti Nathan na Mama Leonidas. Kwaya ya akina mama Kintinku. Na Rebeka na binti yake, aliyempa jina Dorkas.

Hatujakusahau hata siku moja, na hatutakusahau. Pumzika salama, mama.