Vichanga wa Wodi ya Tatu

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linasemaje siku hizi? Dada ameniambia umeanza kupanda ngazi bila kushika ukuta, nami nikashukuru. Mimi sijambo, ila macho yamechoka kwa kuikodolea kompyuta.

Mafunzo yamebakiza wiki moja. Tuko watafiti wachanga kumi na wanne, chumba kimoja, feni mbili, na moja ni pambo tu. Kila mmoja alitakiwa aje na data iliyomshinda. Jirani yangu wa meza kaja na data ya wadudu elfu sitini. Tunamwita Bwana Mende, naye anaitika. Mkufunzi wetu ni mama mmoja mfupi, mpole wa sauti lakini hapitwi na kitu. Anatufundisha kuandika programu za kuchambua maelfu ya kumbukumbu kwa makundi, na anatukataza kuamini wastani. Husema wastani ni chungu kilichofunikwa.

Mimi nilileta kumbukumbu za uzazi za hospitali yako ya zamani. Niliomba kibali kama mtafiti yeyote, nikapewa bila majina ya watu. Ndiyo, Mama, ni miaka ileile ambayo ripoti ilisema Wodi ya Tatu, wodi yako, ilipoteza vichanga wengi kuliko nyingine, wakakuondoa kwenye ukunga na kukuweka mapokezi hadi ulipostaafu.

Wiki ya kwanza kompyuta ilitoa jibu lilelile la ripoti. Mkufunzi akasimama nyuma ya kiti changu, akaniuliza akina mama walifika kila wodi wakiwa katika hali gani. Sikuwa nimejiuliza. Nikawatenganisha: waliofika salama kando, waliofika mahututi kando. Mama, karibu mahututi wote waliletwa kwako! Na katika kila kundi, kwa kila vichanga mia, wodi yako iliokoa wengi kuliko wodi nyingine zote.

Hapo nikamwambia mkufunzi kwamba mkunga wa wodi ile ni mama yangu. Hakunipongeza. Akasema, "Basi wewe kaa pembeni, wenzako waanze upya." Wakahangaika na data ile siku nne, Bwana Mende mkali kuliko wote, na jibu halikutikisika. Tukalipeleka hospitalini. Juzi mganga mkuu amejibu kwa maandishi kwamba ripoti itasahihishwa, na kwamba atakuja nyumbani mwenyewe kukuomba radhi. Niliposoma, nilivuta pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia mgongoni.

Lakini Mama, sikuziomba zile kumbukumbu ili nikusafishe. Niliziomba kwa sababu nami nilikushuku. Tangu shuleni, wenzangu waliponong'ona, niliwaambia mama yangu ni karani wa mapokezi, hajawahi kuwa mkunga. Ulikuwa unanifulia sare kwa mikono ileile, nami nakukana. Jibu lilipotoka nililia mbele ya darasa zima, wakadhani ni furaha. Furaha ilikuwepo, aibu ndiyo iliyokuwa kubwa. Nimeogopa kukwambia kuliko nilivyoogopa kompyuta, na sasa nimesema. Nisamehe.

Msalimie sana Dada, na wajukuu wako nawabusu wote. Jumamosi, mafunzo yakiisha, nitashuka kwenye basi la asubuhi. Ukitaka kunigombeza, nigombeze hapohapo mlangoni. Nitasimama nisikilize mpaka umalize.

Ni mimi kitindamimba wako,
binti wa mkunga.