Jina ya Golikipa

Élisabethville, tarehe 9 mwezi wa tatu 1953

Mama mupenzi,

Jambo yako, na jambo ya bote ku nyumba. Magoti inakuacha kidogo? Minyi niko muzima, kifua ilipona.

Ku gazeti balinipa kona ku ukurasa wa ine. Kila juma naandika mambo yenye bantu habajui juu ya bantu ba sifa. Juma ilipita niliandika juu ya mwimbaji mumoja mukubwa wa huku: anaogopa kuku! Bantu balicheka mpaka gazeti ikaisha ku soko.

Sasa banataka Constant Ngoie, golikipa wetu. Yeye mwenyewe hasemi kintu. Banasema ni mutoto wa Kamina. Weye unashona karibu na gare ya treni miaka yote ile, unamujua?

Mutoto yako,
Basile

Kamina, tarehe 22 mwezi wa tatu 1953

Basile mwana wangu,

Nilipokea jambo yako na furaha. Magoti ingali magoti. Vaa flaneli.

Golikipa yako? Minyi njo nilimufundisha kushona. Miaka mitatu alikaa ku mashini ya pili, anashona robe, nguo za bamama. Anaangalia mwanamuke mara moja, anajua kipimo, hapimi na kamba. Na kama bobine ya uzi inaanguka toka ku meza, anaidaka mbele haijafika chini. Ile andika.

Yenye inafuata haiko ya gazeti. Jina yake ni Xavier. Constant ni kaka yake, ule mwenye kugeuza njia za treni huku ku gare. Mu 1947 ekipe ya kule kwenu iliandika barua kuita Constant, kwa juu alikuwa golikipa ya kweli. Juma mbili mbele ya safari, wagoni ikamuponda muguu. Akatia barua mu mufuko ya Xavier: "Enda weye. Kule habajui sura yangu." Xavier alikuwa anacheza tu kwa kufurahisha roho. Alienda na suruali yenye nilimushonea.

Ukiandika ile, batamufukuza. Nakuomba.

Mama yako,
Agar Biuma

Élisabethville, tarehe 14 mwezi wa sita 1953

Mama,

Jambo sana. Usinikasirikie, nilinyamaza karibu miezi tatu kwa juu nilikuwa na haya. Niliandika mambo ya kushona tu, bantu balipenda. Lakini nikamupelekea Ngoie gazeti ku uwanja, nikamuambia: "Mama Agar wa Kamina anakusalimia. Minyi ni mutoto yake."

Akaikala chini. "Alikuambia yote?"

"Yote."

"Na utaandika?"

"Hapana."

Alingojea benzake bote baende kuoga. Kisha akasema: "Miaka sita sasa. Bakiita Constant, naangalia kwanza nyuma kama kaka yangu amefika."

Mama, anataka kurudisha ile jina. Kufukuzwa anaogopa kidogo tu. Anaogopa zaidi kaka yake: anawaza kwamba kusikia jina yake ku radio njo furaha moja yenye ilimubakia. Tafazali, enda umuulize.

Basile yako

Kamina, tarehe 5 mwezi wa saba 1953

Mwana wangu,

Siye tuko wazima, baridi tu. Ulifanya mubaya kumuendea bila kuniuliza, lakini nilikwisha kukusamehe.

Nilienda kwa Constant siku ya Mungu, kutoka misa, radio inalia. Nikamuambia yote. Alicheka mpaka akashika ukuta!

"Mama Agar, minyi niliwaza yeye anaipenda! Ile jina inanichosha. Bageni banashuka mu treni, banauliza kama niko ndugu ya Constant Ngoie. Najibu, minyi njo Constant Ngoie. Banasema niko muongo. Jina yenye mon père wa misioni alinibatiza, minyi muongo!"

Kisha akapangusa macho. Akasema: "Muambie anirudishie. Yeye achukue sifa, ni yake, alidaka na mikono yake."

Mama yako

Élisabethville, tarehe 23 mwezi wa munane 1953

Mama mupenzi,

Jambo, jambo mingi! Tulienda na Xavier kwa mukubwa wa ekipe. Xavier akasema yote, mbio mbio, kama mutu anameza dawa.

Mukubwa akatoa karatasi ya 1947. Imeandikwa: Constant Ngoie, anapiga mupira na muguu ya kushoto. "Weye ulipiga na kuume siku ya kwanza," akasema. "Tulijua. Lakini ulidaka mipira yote. Tukasema, atatuambia yeye mwenyewe."

Miaka sita ya kuogopa bure, Mama! Nimeandika yote mu gazeti, na ruhusa yake. Ekipe yetu inakuya Kamina mwezi kesho kucheza na ekipe ya shimi-de-feri, bale ba kazi ya treni.

Basile

Kamina, tarehe 21 mwezi wa kenda 1953

Basile yangu,

Siye bote tuko na furaha, na weye ulikosa kuona.

Uwanja ulijaa. Bantu ba Kamina bote banapiga kelele: "Xavier! Xavier!" Hakugeuka, masikio haijazoea tena ile jina. Alipogeuka, mupira ikapita nyuma yake, goli! Constant alikuwa karibu yangu. Alicheka kwanza, kisha akalia, kisha akanipiga mukono ku bega, ingali inaniuma.

Bachezaji balikula kwangu, balilala kwa Constant. Leo asubuhi treni yenu iliondoka na ekipe bila golikipa. Alisema anabaki siku mbili. Constant mwenyewe njo alifungulia treni njia, na Xavier amesimama pembeni yake, anapungia benzake mukono mpaka moshi ikaisha.

Mama yako mwenye kukupenda,
Agar