Mkono wa Mwokaji

Kwako dada yangu mpendwa,

Pokea salamu tele kutoka kwa mdogo wako. Natumaini barua hii inakukuta mzima wewe, shemeji na wajukuu, na kwamba yule mkorofi wa mwisho ameacha kuficha miwani yako. Huku ni msimu wa upepo, madirisha yanagonga usiku kucha. Sufuria kubwa nimelipandisha juu ya kabati. Tangu wifi yako atutoke, lile dogo linanitosha.

Uliniuliza hii kazi ya kujitolea ni kazi gani hasa, nikakujibu juu juu. Tunakaa zamu kwenye kibanda cha mbao juu ya mwamba, mmoja mmoja, na darubini na simu ya upepo, tukiwaangalia waogeleaji. Mtu akizidiwa, sisi hatuingii majini, tunaita boti. Wa kwenye boti nao ni watu wa kujitolea: mchomeleaji anaacha geti la mteja nusu, dereva wa basi anakatisha usingizi wake. Kwa hiyo ukiita bure umewaudhi wengi kwa mpigo. Kiongozi wetu ni mkunga mstaafu, mama asiyecheka ovyo, na amri yake ya kwanza ni kwamba aliye majini akinyoosha mkono juu anaomba msaada, usisubiri.

Sasa kuna mzee mmoja, mwokaji mikate aliyestaafu, ambaye huogelea kila asubuhi peke yake. Nilipokuwa bado mgeni kibandani nilimwona amekwenda mbali kuliko kawaida yake, akageuka upande wangu, akanyoosha mkono. Nikaita boti. Walipomfikia aliwajia juu, akasema alikuwa ananisalimia tu, kwani siku hizi mtu hawezi kumsalimia mwenzake? Akakataa kupanda, akarudi amening'inia ubavuni mwa boti, amenuna. Mchomeleaji alicheka mpaka akapaliwa.

Tangu siku hiyo jina langu ni Bwana Salamu. Hata muuza magazeti ananiita hivyo. Wale wa boti wakinikuta njiani wananyoosha mikono na kuniuliza kama nitawaitia waokoaji. Mbele yao nilicheka. Nyumbani sikucheka. Mkunga aliniita pembeni, akaniambia kwa upole kwamba macho kuchoka si aibu, ila nikiita bure tena itabidi anipumzishe. Dada, kile kibanda ndicho mahali pekee ambapo nikichelewa kuna mtu anayeuliza niko wapi. Niliogopa sana kunyang'anywa.

Mzee aliendelea kuogelea, lakini hakugeuka tena upande wangu.

Wiki iliyopita upepo ulikuwa unavuma kutoka nchi kavu na maji yalikuwa yanavuta kwenda nje. Nikamwona kwenye darubini. Hakupunga mkono wala hakupiga kelele. Alikuwa wima majini, kidevu kinazama na kuibuka, uso ameuelekeza ufukweni, na hasogei. Watu hudhani anayezama hufanya fujo, kumbe wengi huenda kimya, ndivyo tulivyofundishwa. Tatizo ni kwamba hata anayepumzika kwa mbali huonekana hivyo hivyo. Simu ya upepo ilikuwa mkononi na sikuibonyeza. Nilimfikiria mchomeleaji na kicheko chake, nikafikiria asubuhi zangu bila kibanda. Kisha kidevu kikazama, kikakawia. Nikaita. Mchomeleaji akauliza kama ni salamu tena, nikamwambia aje hivyo hivyo. Walimtoa hai, lakini hakuweza kusimama.

Juzi nilikwenda kumjulia hali. Anaishi kwenye vyumba viwili nyuma ya duka la mikate lililofungwa, na kwa kuwa kiti ni kimoja, yeye alikaa kitandani. Aliniambia bila kunitazama kwamba mara ile ya kwanza hakuwa ananisalimia. Msuli wa mguu ulikuwa umemkaza na alikuwa anakufa. Alipoiona boti aibu ikamshika, akaona habari zitawafikia watoto wake, nao watamhamishia kwao akakae sebuleni kwa watu akitazama televisheni. Ndiyo maana safari hii hakuinua mkono kabisa. Aliniomba radhi kwa jina nililobandikwa, kisha akaniomba nisimwambie mtu. Nilimkubalia (wewe uko mbali, nakuambia peke yako, usimwambie mtu), kwa sharti kwamba ataogelea kwenye zamu zangu tu, tena karibu. Kwa hiyo mimi bado ni Bwana Salamu, na jina hilo nitabaki nalo.

Nilitoka pale nimemkasirikia. Mtu anakufa, boti imemfikia, anasema nasalimia tu! Nilimsema peke yangu njia nzima. Nafungua mlango, simu inaita, ni wewe. Ukaniuliza naendeleaje. Nikakujibu kwamba niko salama kabisa, majirani hawaishi kuja, wala usijisumbue na safari. Ukaniaga. Nikabaki nimesimama gizani na simu, na hasira zote zikanigeukia mwenyewe.

Dada, hakuna jirani anayekuja. Tangu msiba sijakaa mezani na mtu. Kila uliposema unakuja nilitafuta kisingizio, mara barabara mbovu, mara nyumba inapakwa rangi. Rangi ni ile ile. Mimi ni mpweke, na usiku, fundi redio mzima, nawasha redio mbili kwa pamoja ili kuwe na watu ndani.

Msalimie sana shemeji, umwambie namwomba mke wake kwa muda, nitamrudisha. Wabusu wajukuu wote. Na ukiisoma hii, panga mizigo yako uje. Usinipigie kwanza kuniuliza hali, maana najijua, nitakuambia niko salama.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi Redio