Kamba ya Kujaribia Mtutu

Baba Furaha, mume wangu uliyenitangulia,

Nimekukasirikia, na leo utanisikia. Mtaa mzima wa Kilibula ulikujua: fundi asiyemrudishia mtu bunduki bila kuijaribu. Ulitundika mtutu kwa uzi, ukaugonga kwa ukucha. Mtutu ukilia kama kengele, ulicheka. Halafu ulifunga bunduki kwenye gogo, ukaishindilia baruti kupita kiasi, ukaniita nyuma ya ukuta, ukavuta kifyatulio kwa kamba. "Heri life gogo, Mama Furaha," ulikuwa ukisema.

Mwaka ule wa uasi, wapiganaji wakakuletea bunduki ya zamani ya Waingereza, wampe mdogo wako aliyejiunga nao. Ulinionyesha mihuri kwenye chuma: kule kwao mtutu ulishajaribiwa. Lakini baadaye mtu alikuwa amekwangua kutu ndani hadi chuma kikawa chembamba, na mihuri ikabaki palepale. Uliugonga mtutu, nao ukatoa sauti ya sufuria iliyopasuka. Niliisikia toka jikoni.

Ulipochukua kamba, mkubwa wao akakataa. Eti kufunga bunduki kwenye gogo ni kudharau dawa mliyonyunyiziwa nyote ili silaha isiwadhuru. Mwenye imani apige kwa bega. Mdogo wako akanyoosha mkono. Ukamnyang'anya, ukapiga weye, mtutu ukakupasukia usoni.

Na ulijua! Si ungeitupa ziwani? Si ungelia mbele yao? Aibu haiui mtu.

Unajua walisema nini matangani? Kwamba dawa ilikataa kwa sababu ulivunja mwiko, ulilala na mke wako. Eti ni minye nilikuua! Mpaka leo wanawake wa Mulongwe wananikata jicho sokoni, na mdogo wako ananyamaza, anakula ugali wangu na ndagala zangu, visamaki vya ziwani.

Juzi akaja na bunduki ya kuwindia, ameinunua Luberizi. Akauliza kamba yako iko wapi. Nikamwambia kamba iko, lakini kwanza aseme mbele ya mama yenu kitu gani kilikuua. Akaenda kumleta mama yenu, akamketisha karibu nami.

"Ni mtutu, shemeji," akasema. "Haikuwa weye. Minye nilijua."

Nikampa kamba. Akafunga bunduki, akaenda mbali kuliko ulivyokuwa ukienda weye, akalala kifudifudi, akavuta.

Bunduki ikalia vizuri, naye akainuka mzima, akijipangusa vumbi. Ndicho ulichokitaka, Baba Furaha, yeye aishi, na ndicho kinachonichoma. Pumzika tu. Nikifika huko tutagombana vizuri.

Mke wako,
Mama Furaha