Ngoma ya Jikoni Imefika Bhutan

Mama,

Hujambo hapo Subukia, na yule ng'ombe ameshazaa? Nilikasirika ulipomchagua yeye ukabaki nyumbani, baada ya mimi na wewe kupanga hii safari mwaka mzima, lakini hasira imeniisha.

Leo ile sherehe tuliyotaka kuona imeisha huku Bhutan, kwa uwanja wa hekalu. Chai yao ina chumvi, nilimeza tu. Mwishoni kila mtu hucheza, na shosho mmoja, bibi mzee wa huku, akanivuta nicheze ngoma ya kwetu. Siijui. Nikacheza ile yako ya jikoni, ile unachezanga tangu uokoke ukidhani hakuna anayekuona. Watu wote wakaifuata.

Kanisani sitasema kuwa bado unacheza. Lakini wameuliza ni nani alinifunza, na atakuja lini.

Vaa sweta ukienda kukamua.

Wambui wako